Ghorofa mbili na ukurasa wa pili wa hati: kisa cha injinia wa majengo Bukavu

Kiangazi cha 2022 mfanyabiashara mmoja mzee wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alifika kwenye ofisi ndogo ya ushauri wa uhandisi na ombi ambalo ofisi kama hizo hulizoea sana mvua zinapokatika: alitaka kupandisha nyumba. Nyumba yenyewe iko Nguba, komini ya Ibanda, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Ilikuwa na sehemu ya chini na ghorofa mbili, na juu kabisa slabu tupu yenye nondo zilizochomoza, kama paa nyingi za mji huu zinazongoja pesa zipatikane. Yeye alitaka ghorofa mbili zaidi. Shirika fulani lilikwisha kumwahidi kuzikodi zote mbili ziwe ofisi, fundi alikuwepo, simenti ya Bugarama ilikuwa imeagizwa. Kilichobaki ni hati ya mahesabu yenye muhuri, ili faili la kibali likamilike.

Kazi alipewa injinia mmoja wa kike, mhitimu wa chuo kikuu cha ULPGL cha Goma, aliyekuwa katika mwaka wake wa sita hapo ofisini. Mafundi humwita Mama Injinia. Ameniruhusu kuandika kisa chake bila majina, na vitu viwili vitatu vinavyoweza kumtambulisha mwenye nyumba nimevigeuza. Hesabu ni zake. Nimezikata desimali tu.

Mkataba aliokabidhiwa ulikuwa wa ukurasa mmoja. Ulisema ofisi itatengeneza hati ya mahesabu ya nyongeza ya ghorofa mbili, kwa bei moja, ndani ya siku kumi. Kuhusu kuikagua nyumba iliyopo haukusema neno. Msomaji aushike vizuri mkataba huo, maana nusu ya kisa hiki iko ndani yake.

Alichokikuta Nguba

Michoro ya mwanzo haikuwepo, na hilo halikumshangaza mtu. Nyumba ilikuwa imejengwa kwa vipindi: chini na ghorofa ya kwanza mwaka 2004, ghorofa ya pili mwaka 2011, na mafundi hawakuwa walewale. Aliomba plasta ibanduliwe kwenye nguzo moja ya katikati ya chini, ile inayobeba eneo kubwa kuliko nyingine: meta 4 kwa 4.5, yaani meta 18 za mraba za kila slabu iliyo juu yake. Nguzo ilikuwa ya sentimeta 25 kwa 25, na nondo nne za milimeta 12. Ringi za kuzifunga zilikuwa za milimeta 6, zimeachana sentimeta 25, na ncha zake zimekunjwa pembe mraba zikaachiwa hapo.

Ncha hizo ndizo zilizomkalisha pale asubuhi nzima. Tetemeko likitikisa nguzo, zege la nje huanza kubanduka. Ringi iliyokunjwa pembe mraba inakosa pa kushikilia, inafunguka. Nondo zinapinda kwenda nje na zege la ndani linasagika. Ndiyo maana kanuni ya Ulaya ya matetemeko, Eurocode 8, inataka ncha zikunjwe digrii 135 na kuzama ndani ya nguzo. Kazi hiyo inamchukua fundi sekunde chache kwa kila ringi, na gharama yake ni vipande vya chuma ambavyo vingetupwa.

Halafu zege lenyewe. Alianza na nyundo ya Schmidt, kifaa kinachogonga uso wa zege na kusoma jinsi kinavyorudishwa. Nyundo ilisema zaidi ya megapaskali 20, kipimo cha nguvu ya zege kabla halijapondeka. Angeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini zege la miaka 18 limekwisha kunyonya kaboni dioksidi ya hewani, uso wake umekuwa mgumu kuliko moyo wake, na nyundo haijui moyo. Akaazima mashine ya kukata zege kutoka kwa kampuni moja ya barabara, akachimba vipande vya mviringo kwenye nguzo tatu, vikaenda kupondwa maabara. Jibu lilikuwa megapaskali 12.

Aliyewahi kusimama kwenye ujenzi wetu hatashangaa. Kilo 350 za simenti kwa meta moja ya ujazo ni mifuko saba ya kilo 50. Mwezi ambao bei imepanda, saba huwa tano. Kisha zege likiwa gumu kusukuma katikati ya nondo, kijana anaongeza ndoo ya maji, na hakuna anayemzuia kwa sababu kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Hesabu

Alitumia BAEL 91, kanuni za Ufaransa za zege lenye nondo zilizorekebishwa 1999. Wafaransa wenyewe wamekwisha kuhamia Eurocode, sisi bado tunazifundisha na kuzitumia, na kwa nguzo iliyosimama kimya zinatosha.

Kila meta ya mraba ya slabu, pamoja na boriti, kuta na sakafu, alihesabu kilo 700 za uzito wa kudumu na kilo 150 za watu na vyombo. Kwa meta 18 za mraba ni tani 15 na kitu kwa kila slabu. Slabu tatu ni tani 46. Huo ndio uzito ambao nguzo ile inaubeba kila siku. Ukizidisha kwa vipimo vya usalama ambavyo kanuni inadai, 1.35 kwa uzito wa kudumu na 1.5 kwa watu na vyombo, unapata tani 63. Nguzo inatakiwa ionyeshe kwenye karatasi kwamba inaweza tani 63.

Kama zege ni la megapaskali 20, nguzo hiyo inaonyesha tani 70. Inapita. Kama ni la megapaskali 12, inaonyesha tani 47.

Hapa vijana wengi huogopa kupita kiasi au hawaogopi kabisa. Zile 47 zimekwisha kupunguzwa na vipimo vya usalama vya zege na chuma, kwa hiyo nyumba haikuwa karibu kuanguka. Kilichokuwa kimeliwa ni akiba: ile nafasi inayowekwa kwa ajili ya fundi aliyekosea, mpangaji aliyejaza mafaili, ardhi iliyotikisika. Na sasa mzee alitaka slabu tano. Tani 76 kila siku, tani 105 kwa kanuni, kwenye nguzo ya tani 47. Na hapo bado tunahesabu kana kwamba watakaohamia ni familia. Ofisi huhesabiwa kilo 250 kwa meta ya mraba, na mpangaji aliyeahidiwa alikuwa shirika.

Msingi wa nguzo hiyo ulikuwa na upande wa meta 1.4. Udongo chini yake ulikuwa unakandamizwa kilo 2.3 kwa sentimeta ya mraba. Kwa slabu tano ungefika 3.9. Ni mfinyanzi mwekundu wa mteremkoni, katika mji ambao kila mtu anajua maporomoko ya ardhi ya mtaa wa Funu yamefanya nini kwa nyumba za watu.

Ukurasa wa pili

Mkuu wa ofisi aliisoma ripoti, akamwita. Ninayaandika maneno yake kama nilivyosimuliwa, kwa sababu hayakuwa maneno ya mtu mbaya.

"Injinia, sisi si polisi. Mzee ameomba hati, tumpe hati. Andika zege ni la megapaskali 20 kwa mujibu wa maelezo ya mwenye nyumba. Nguzo za juu utazipanga upya, zile za chini utaandika zinadhaniwa kuwa sawa. Kila kitu kitakuwa wazi kwenye karatasi."

Kila hati ya mahesabu ina ukurasa, kwa kawaida wa pili, unaotaja mambo ambayo mhesabuji ameyachukua kuwa kweli kabla hajaanza: nguvu ya zege, aina ya chuma, uwezo wa udongo, matumizi ya jengo. Katika kurasa zote zinazofuata, programu ya kompyuta inayafuata tu. Ukiiambia programu zege ni la 20, itakuchorea nguzo za kijani kibichi kutoka chini hadi juu, bila kosa hata moja la hesabu. Hakuna mkaguzi wa kibali atakayerudia kila mstari, na akirudia ataukuta uko sahihi. Uongo ukiwepo hukaa ukurasa wa pili, umevaa lugha ya heshima: kwa mujibu wa, inadhaniwa, itathibitishwa baadaye.

Kuchukua jambo kuwa kweli pale usipoweza kupima si dhambi. Uhandisi wote unaendeshwa hivyo. Ila yeye alikuwa amepima. Vipande vya zege vilikuwa mezani. Tangu siku ile maabara ilipojibu, kuandika 20 kulikuwa kitu kingine kabisa, na sidhani kama mkuu wake hakulijua hilo. Alikuwa anafikiria mishahara ya mwezi wa nane.

Injinia alikataa kuandika hivyo. Mkuu akaenda kumwona mzee peke yake na ile ripoti ya kurasa thelathini na ushee. Kikao kikawa kibaya. Mzee aliona milinganyo, akaona neno "hapana" mwishoni, akauliza amelipia nini.

Kikao cha pili injinia aliomba awepo, na safari hii akaja na karatasi moja. Juu yake kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza: kuacha nyumba ilivyo, na kuzifunga upya nguzo za chini kwa ajili ya matetemeko. Ya pili: ghorofa moja nyepesi ya fremu za chuma na mabati, baada ya kuvika nguzo za katikati zege jipya la sentimeta 10 kila upande na kupanua misingi yake. Nguzo ya 25 inakuwa ya 45, na eneo lake linazidi mara tatu. Ya tatu: ghorofa mbili za zege, ambazo zingehitaji kazi kubwa kwenye nguzo zote na misingi yote mpaka bei ikakaribia kujenga upya. Kila njia ilikuwa na kiasi chake cha dola na idadi ya miezi ambayo wapangaji wangelazimika kuhama.

Mzee alisoma, akaiweka chini.

"Mwanangu, nyumba hii iliona tetemeko la 2008. Kuta za jirani zililala chini. Mimi hata ufa sikuupata. Leo unaniambia nguzo zangu ni dhaifu?"

"Mzee, tetemeko la 2008 liliikuta nyumba na slabu mbili. Ya tatu uliimwaga 2011. Iliyofaulu mtihani ule si hii tuliyokaa ndani yake."

Ninalipenda jibu hilo kuliko milinganyo yake yote. Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika kwa kipimo cha 5.9 na makanisa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, yakaangukia watu, nguzo ya katikati ya nyumba ya Nguba ilikuwa na tani 30 juu yake. Mwaka 2022 zilikuwa 46. Mzee alikuwa anaomba 76. Nguvu ya tetemeko inakua pamoja na uzito unaotikiswa, na uzito ulio juu ndio unaovuta zaidi. Kila mwenye nyumba Bukavu ana hoja ya 2008, na ni hoja ya haki. Mtu aliyeona nyumba yake ikisimama ana ushahidi mkononi. Huwezi kumjibu kwa kumwonyesha kanuni. Unamjibu kwa kumkumbusha mwaka alioongeza slabu.

Mzee alilipa nusu ya bei, akachukua karatasi, akaenda zake. Baadaye ilijulikana kwamba amepata hati kwingine. Amejenga ghorofa moja ya matofali. Ya pili imebaki nondo. Nyumba imesimama.

Kukataa kuna bei gani

Ninaisisitiza hiyo "imesimama" kwa sababu visa vya namna hii tukivisimulia huwa tunapenda jengo lianguke, ili injinia aonekane alikuwa na haki. Huko Seoul mkandarasi wa kwanza wa duka kubwa la Sampoong alipinga jengo kubadilishwa na kuongezewa ghorofa ya tano. Mwenye mali akamwondoa na kumalizia na kampuni yake. Tarehe 29 Juni 1995 duka likaporomoka na watu 502 wakafa. Tunamkumbuka aliyekataa kwa sababu ya vifo hivyo. Lakini kwa miaka kadhaa kabla ya siku ile, kwa macho ya yeyote aliyekuwa anatazama, alikuwa tu mkandarasi aliyepoteza mteja mkubwa. Injinia wetu yuko katika hali hiyo, na huenda akabaki humo maisha yake yote. Ningefurahi ikiwa hivyo, kwa ajili ya wapangaji.

Kwa hiyo tusimpime kwa jengo. Tumpime kwa kazi yake ofisini, na hapo nina sifa na nina lawama.

Sifa ni ya karatasi moja. "Hapana" yake ya kwanza ilikuwa sahihi lakini haikumfaa mtu kitu. Ya pili mteja angeweza kuipeleka kwa fundi yeyote akaifanyia kazi. Ofisi ya ushauri inauza ushauri, na mteja aliyelipa ana haki ya kuondoka na kitu anachoweza kukitumia hata kama kinamuudhi.

Lawama ni ya mkataba. Alipokabidhiwa ule ukurasa mmoja, alianza kufikiria nguzo. Hakuuliza ni nani atalipia kubandua plasta, mashine ya kukata zege, maabara. Vyote vikatoka kwenye faida ya kazi hiyo, kwa hiyo majibu yalipokuja mabaya mkuu aliona hasara mara mbili: pesa za ukaguzi zimekwenda, na hati haitauzwa. Ugomvi wa ukurasa wa pili ulikuwa umeandaliwa tayari siku mkataba ulipotiwa saini. Ofisi ilikuwa imeuza jibu kabla ya kuuliza swali.

Wengi wetu tunatoka chuoni tukiamini kwamba injinia wa majengo hupanda ngazi kwa kuhesabu vitu vigumu zaidi: kwanza slabu, halafu jengo la ghorofa tano, halafu daraja. Katika ofisi ya ushauri hiyo inakufikisha miaka mitano hivi. Baada ya hapo anayehesabu vizuri anaendelea kupewa hesabu, na anayekaa kwenye kikao cha kwanza na mteja ndiye anayeamua kitahesabiwa nini, kwa vipimo gani, kwa pesa ya nani. Miaka sita injinia wetu alikuwa hajawahi kuona barua ya bei ikiandikwa. Mkuu hakumficha. Hakuna aliyefikiri inamhusu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuomba kuiona.

Wiki chache baada ya mzee kuondoka, alimwandikia mkuu maombi matatu. Kila kazi ya jengo lililopo iwe na mikataba miwili, ukaguzi kwanza na kwa bei yake. Ukurasa wa pili wa kila hati uonyeshe kila namba imetoka wapi, imepimwa, imesomwa kwenye mchoro au imesemwa na mteja, na aliyepima aweke jina. Na yeye akae kwenye kikao cha kwanza.

La kwanza lilikubaliwa upesi, kwa sababu ukaguzi unaolipiwa ni mapato mapya. La pili lilikubaliwa kwa kunung'unika. La tatu lilikataliwa kwa mwaka mzima, kwa madai kwamba wazee hawapendi kujadili pesa na binti. Mimi naona mkuu alijificha nyuma ya wazee. Mzee wa Nguba, pamoja na hasira zake zote, alimsikiliza binti huyo kuliko alivyomsikiliza yeye.

Mwaka huo ulipokwisha shirika la kimataifa lilimwandikia barua ya kumpa kazi ya kusimamia ujenzi wa madarasa na vituo vya afya: mshahara karibu mara mbili, mkataba wa miezi sita unaoweza kurudiwa. Bukavu na Goma hilo ndilo jaribu la kila injinia kijana, na simlaumu anayelikubali. Kodi ya nyumba hailipwi kwa heshima ya taaluma. Ila huko michoro mara nyingi huja tayari, majengo ni ya chini, na miaka mitatu baadaye unajikuta bingwa wa ratiba na stakabadhi ambaye nguzo ya Nguba ingemtoa jasho. Yeye alikwenda kwa mkuu na ile barua, akaiweka mezani, akaomba sehemu ya mapato ya kazi zote za ukaguzi na kiti kwenye kikao cha kwanza. Alipewa vyote viwili siku hiyohiyo. Ule mwaka mzima wa hoja kuhusu wazee haukutajwa tena.

Sasa anayefika na ombi la kupandisha nyumba hupewa kwanza bei ya ukaguzi. Wako wanaoinuka hapohapo na kwenda kwingine, na mkuu huwahesabu kwa sauti. Wako wanaolipa, wakaambiwa nyumba yao inaweza, wakajenga. Kilichobaki kati ya mkuu na injinia ni muhuri: hati inatoka na muhuri wa ofisi na saini ya mkuu peke yake, ingawa vipimo vya ukurasa wa pili vina jina la injinia. Ameomba saini ziwe mbili. Mkuu amesema watalizungumza kiangazi kijacho.